Vidirisha vya Bahasha

Barua ya kumi na saba imefika leo, Jumanne,
na mvua ya Cork, ile isiyonyesha wala kukoma,
imelowesha jina la mwanangu pembeni:
Fiachra Ó Loingsigh, kwa mzazi au mlezi.
Nimeisoma nimesimama, koti mwilini.
Nawajua wanavyoanza. Wanaanza na shukrani,
kisha wanasikitika.
Sijapata kuona watu wakisikitika
kwa sarufi safi namna hii.

Yeye hangoji nimalize. Anaitaka bahasha.
Ana miaka mitano na miezi minne,
maneno yake yote yangeenea kiganjani,
lakini kidirisha cha bahasha anakibandua
kwa ukucha, taratibu, bila kukichana,
na kukitia katika kopo la biskuti.
Humo vimo kumi na vitano.
Hesabu haijakosewa: kimoja alikitoa.
Nitafika huko.

Shule ya kwanza ilikuwa na darasa, haikuwa na mwalimu.
Ya pili ilikuwa na mwalimu, darasa limejaa.
Ya tano ilitaka ripoti, na ripoti ina foleni yake,
miezi ishirini na miwili;
nilipoifikisha wakasema imepitwa na wakati.
Ya tisa ndiyo niliyosoma mimi,
jina langu lingali limechongwa chini ya dawati moja.
Mwalimu mkuu alinimiminia chai,
akasema, "Dónal, wewe unatujua."
Nikanywa chai. Nilikuwa nawajua.

Ya kumi na moja iliuliza kama huwa anauma.
Nikajibu: mara moja tu, na aliyeumwa ni mimi,
siku king'ora kilipolia dukani, pasipo moto.
Na mimi ningemuuma mtu.

"Subira huvuta heri," aliniambia kwenye simu
mama mmoja wa ofisi ya elimu.
Nikamuuliza inavuta kwa kamba gani, na kutoka wapi.
Akaniweka kwenye muziki.

Sorcha ana faili, amelipanga kwa rangi.
Zamani alikuwa analia. Siku hizi anatoboa karatasi
kwa kile kidude cha matundu mawili,
ta, ta, hadi saa sita usiku.
Agosti iliyopita alinunua sweta ya kijivu,
isiyo na nembo, maana hatukujua nembo ya wapi.
Mikono imekwisha kuwa mifupi.
Haijawahi kuvaliwa.

Wiki tatu zilizopita tuliendesha hadi Macroom.
Mwalimu Nuala Crehan hakusema, "Niangalie machoni."
Aliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati,
akatazama alikokuwa akitazama mtoto,
na hakuwa na haraka nasi.
Fiachra alifungua kopo. Akachagua. Akampa.
Yeye akakiweka jichoni, akageukia nje.
"Mvua," akasema.
"Mvua," akasema mwanangu,
neno ambalo hatukujua analo.
Sorcha alinishika mkono kwa nguvu,
pete yake ikaniachia alama.
Njia nzima ya kurudi hatukuzungumza,
tuliogopa kukiamsha kitu.

Nafasi zilikuwa sita. Watoto, ishirini na mmoja.

Barua ya leo inatoka Macroom.
Imeshukuru. Imesikitika.
Na chini ya sahihi, kwa kalamu, mwandiko wa kukimbia:
"Mwambieni Fiachra kidirisha chake ninacho.
Kipo dirishani kwangu."

Nimeurudia mstari huo mara nne.
Sijui niuweke katika rangi gani ya faili.
Mtoto amekwisha kukibandua cha leo,
ananielekezea, ananiona mimi ndani yake,
mdogo, nimelowa, nina karatasi mkononi.

Kutoka jikoni Sorcha anauliza, "Wamesemaje?"
Namwambia, "Ngoja,
nivue koti kwanza."