Chupa Arobaini

Saa tisa usiku, Agosti, Al-Khoudh.
Simu inalia. Ni Delwar, mlinzi wa vitalu:
"Madam, baridi imekufa."
Navaa abaya ndani nje. Mama, kitandani kwake,
ananiuliza kwa Kiswahili chake cha Mkunazini,
"Nani kafa?"
"Baridi, mama. Ya kazini."
"Haya, Mungu ailaze pema,"
akageukia ukutani.

Chumba namba sita cha kituo chetu
ndimo tunamolea ndimu.
Usidhani shamba. Ni rafu, taa, chupa za kioo,
na ndani ya kila chupa, juu ya uji mzito kama faluda,
ncha ya chipukizi:
punje ambayo ukipiga chafya umeipoteza.
Tunaikata chini ya darubini, pumzi tumezibana,
pale juu kabisa ambapo maradhi hayajafika.
Maana mti, hata uugue mwili mzima,
una mahali padogo
panapokua haraka kuliko ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe unaitwa ufagio wa mchawi.
Tawi linajikunja, majani yanakuwa madogo, mengi, ya manjano,
limesimama kama ufagio wa chelewa ulioegeshwa mlangoni.
Mti hauzai tena. Unafagia hewa
miaka minne, mitano,
halafu kuni.

Humeid bin Sleyum wa Saham
alikuwa na miti mia tatu na sitini.
Alikuja mwaka juzi na gunia la mchele,
akamwaga matawi juu ya meza yangu safi,
vumbi, sisimizi na vyote,
akasema, "Haya ndiyo mahari ya wanangu. Pimeni."
Tukapima.
Nilimsomea majibu nikiitazama karatasi.
Umebaki mmoja, kando ya kisima kilichoingia chumvi:
unaumwa, na unazaa.
Kwa nini? Daktari Thuraya ana nadharia tatu.
Mimi nina chupa arobaini.

Nafika, jenereta imekohoa mara mbili na kunyamaza.
Kipimajoto cha ukutani: thelathini na nne, kinapanda.
Nje ni thelathini na saba, usiku huo huo.
Delwar ananitazama, nami naitazama Corolla yangu.

Tukazibeba sinia kwa sinia.
Kiti cha nyuma tukakifunga mikanda.
Nane zikakosa nafasi, Delwar akazipakata,
magoti pamoja, kama mgeni aliyepewa kitoto kichanga
na hajui kitalia lini.
Injini ikinguruma, kiyoyozi hadi mwisho,
tukakaa maegeshoni bila kwenda popote.

Tulizungumza Kiarabu cha kazini,
kile kisicho na jana wala kesho.
Kwao Barisal ndimu hukamuliwa juu ya wali na dengu.
Kwetu, nikamwambia, bila ndimu urojo ni maji ya kuoshea sufuria.
Akauliza urojo ni nini.
Nikaeleza mpaka taa ya petroli ikawaka.
Ng'ambo, mbuzi wa utafiti walikuwa macho,
wakitafuna, na namba zao masikioni.

Fundi alikuja saa mbili asubuhi, akalalamikia foleni.
Tulihesabu: thelathini na moja.
Tisa zilikuwa zimeota ukungu, mweupe, laini,
mzuri hata, ukisahau ni nini.
Daftarini nikaandika: Hitilafu ya kiyoyozi. Hasara, tisa.
Daftari halina safu ya petroli,
wala ya miguu ya Delwar iliyokufa ganzi
akashuka garini akicheka, ameshika mlango.

Alhamisi Humeid alipiga, kama kila Alhamisi.
"Wangu hawajambo?"
"Wazima. Wamepungua kidogo."
Akanyamaza. Nikasikia pampu yake ikivuta ile chumvi.
"Nichimbe mashimo?"
"Bado, ami. Labda mwakani, labda mwaka wa pili.
Usichimbe kwanza."
"Nimeshachimba," akasema.