Baiskeli ya Bi Hiltje

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi ya tatu tulipewa baiskeli,
nyeusi, kengele imeshika kutu,
nzito kama deni la nyati wa matanga kwetu Toraja,
na kufuli mbili. Hapa Groningen, tuliambiwa,
hata mchungaji huibiwa,
na mwizi huwa mzee wa kanisa.

Aliyesema hayo ni Bi Hiltje wa mlango wa pili,
mjane wa miaka sabini na tisa.
Aliacha ibada mwaka ule walipogombania kinanda
na hajarudi kuuliza nani alishinda.

Yohanis, wewe ulikuja na masanduku mawili ya vitabu.
Mimi nilikuja na kilo nne za kahawa, watoto wawili,
na cheti cha uuguzi
ambacho kilipovuka mpaka kiligeuka karatasi.

Unaandika juu ya wingu:
je, Mungu akijifunika, sala hupenya?
Sura sita, maneno elfu themanini,
tanbihi ndogo kama mayai ya chawa.
Mimi wingu nalijua kwa kazi yake.
Huingia Oktoba, halina haraka ya kuaga,
na mvua yake hunyesha kwa ubavu.

Saa kumi na moja alfajiri nabadilisha shuka za wazee.
Mmoja huniita kwa jina la dada yake.
Naitika.

Agustina ndiye mdomo wetu benki na kwa daktari wa meno.
Mwalimu wake alipomshitaki kwangu
yeye mwenyewe ndiye aliyenitafsiria,
na katika tafsiri ile alikuwa malaika.
Tandi ana miaka sita.
Juzi usiku alisali kwa Kiholanzi, macho kayafumba,
sala ndefu, yenye mikato na vituo.
Nikasema Amina
bila kujua nimekubali nini.

Bi Hiltje huja Alhamisi kunywa kahawa yetu,
anaisifu kwa kukunja uso.
"Mumeo," aliniuliza, "anamsoma Mungu miaka minne.
Kuna habari yoyote?"
Nikamjibu kwa Kiholanzi changu cha kubandikabandika:
Bado yuko sura ya pili.
Akacheka hadi akashika meza,
kisha akanyamaza, akatazama dirisha
muda mrefu kuliko dirisha lilivyostahili.

Jumapili, baada ya ibada ya watu kumi na wanane na makoti yao,
alinipeleka kwenye maegesho nyuma ya duka la samani.
Mwanamke wa miaka thelathini na minane,
mama wa watu, muuguzi, mke wa msomi,
napanda chuma kama mtoto wa chekechea.
"Usitazame gurudumu," alisema. "Tazama unakokwenda."
Akashika kiti kwa nyuma. Nikakanyaga.
"Nimekushika," akasema.
Lami ikaanza kwenda.
"Nimekushika."
Upepo ukaniingia mikononi mwa koti.
"Nimekushika!"
Lakini sauti ilikuwa nyembamba sasa, ya mbali.
Nikageuza shingo:
amesimama kulekule tulikoanzia,
mikono mfukoni,
bado ananiambia amenishika.

Nilikuwa nimekwenda peke yangu
tangu sijui lini.
Nilipolijua hilo, nikaingia kwenye ua wa michongoma.

Nyumbani ulikuwa umekaa mezani, taa imewaka saa tisa mchana.
Nikauliza: Leo ngapi?
Ukasema: Sentensi moja. Nimeifuta.
Ukaliona goti langu, ukasogeza karatasi,
ukaleta maji ya chumvi kwenye bakuli la wali.
Nikakusimulia yote, pamoja na michongoma.
Mkono wako ukasimama na kitambaa.

"Rudia hapo," ukasema. "Alikuwa mbali kiasi gani
aliposema mara ya mwisho?"
Na jicho lako, nakujua, lilikuwa linatafuta kalamu.

Nikakwambia, Yohanis,
lete bendeji kwanza.