Waya wa Feni

Kule Mpunguzi redio ya baba iliishi ndani ya tembe,
paa la fito na udongo,
mawimbi yakipenya kama moshi, bila kuuliza mlango.
Waya mmoja ulitoka dirishani hadi kwenye nyaya za mizabibu.
Saa tatu usiku, mita thelathini na moja,
msomaji habari wa nchi ya mbali alimeza mate
nasi tukamsikia akimeza.

Sasa baba yuko kwangu, Nkuhungu, chumba cha mbele.
Bati geji ishirini na nane. Nililipa kidogo kidogo,
gauni kwa gauni, mwaka na miezi mitatu.
Redio iliwashwa chini yake ikakaanga mafuta matupu.
"Umenijengea sufuria," akasema, "ukanitia ndani, ukafunika."
Nikamjibu kwamba mvua ya Januari haiingii kwenye sufuria.
Tukanuniana mpaka Jumapili.

Waya wa nje ungefaa, ila mtaa huu
shaba ikilala nje haiamki na mwenyewe.
Basi wa ndani. Nilikwenda Majengo kwa fundi Chiwanga,
akanipa mota ya feni iliyokufa kwa joto la Oktoba.
"Lipasue tumbo lake," akasema. "Buku mbili."
Nikalipasua. Waya mwembamba kama uzi wa vifungo,
mwekundu, mrefu kuliko nilivyodhani;
Ndahani alishika ncha, akatembea nayo sebuleni, ukumbini, jikoni,
kisha akapaza sauti: "Mama, nyumba imeisha!"

Tuliupitisha kandokando ya dari kwa pini zangu za kushonea.
Mwisho wake nikauzungusha kwenye mkonga wa redio,
mara sita, kwa heshima.
Hakuna.
Mafuta yaleyale.

Baba akapapasa ile ncha.
Macho yake hayaoni tena vitu vyembamba; vidole vinaona.
"Huyu kavaa," akasema. "Mvue."
Wembe. Nilikwangua vanishi mpaka shaba ikang'aa
kama ufizi wa mtoto mchanga,
na hapo akaja mtu, mbali sana, chini ya nyuki.

Nyuki hao tuliwatafuta siku nne.
Tuliusogeza waya mbali na ukuta wenye swichi.
Tuliihamishia redio dirishani, ikatazama barabara.
Baba akadai ardhi: nondo ya futi tatu ichimbiwe nje,
waya wa pili ufungwe hapo.
Lakini ardhi yetu mwezi wa kumi haishiki hata neno,
ikabidi kila jioni Ndahani aimwagie maji ya vyombo.
Mama Sechelela akachungulia juu ya uzio.
"Mnamwagilia chuma?"
"Ndiyo, shikamoo."
"Marahaba. Kitaota lini?"

Alhamisi umeme ukakatika.
Cherehani yangu ikafia katikati ya pindo.
Friji ikashusha pumzi. Taa, chaja ya simu, kila kinachokula ukutani
kikafumba mdomo,
na nyuki wakaondoka, kundi zima, kwa mpigo mmoja.
Gizani mtu wa mbali akataja bei ya kahawa,
akanyamaza,
akameza mate.

Baba hakusema kitu.
Alipunguza sauti tu,
maana mtu aliyekwisha kuketi nawe huhitaji kumpigia kelele.

Umeme uliporudi mtaa mzima ulishangilia.
Kwetu mzee mmoja alifyonza.

Siku hizi saa tatu kasoro dakika mbili nakwenda ukutani
nashusha swichi kuu. Nusu saa.
Mwenye gauni la kipaimara na asubiri,
akipiga simu ataambiwa haipatikani.
Nakaa sakafuni kando ya kiti cha baba, pindo mapajani,
nashona kwa kupapasa.
Sindano ya mkono haina nyuki.