Ya Kufikia Hapa

Jumamosi, kwenye mteremko wa Kibosho,
pale barabara inapokunja kabla ya daraja,
nilikanyaga breki ya nyuma
nayo ikanijibu kwa sauti ya chuma,
krrr, kama sufuria inayokwanguliwa ukoko.
Nilisimama kwa gia, na kwa soli za raba zangu.

Bibi Ndeanasia alishuka.
Hakupiga kelele. Alikagua trei ya mayai,
akafungua fundo la kanga, akanihesabia nusu nauli.
"Hii ni ya kufikia hapa."
Akatembea. Wala hakugeuka.

*

Usiku, uani kwetu Pasua,
pikipiki imepandishwa juu ya kreti la soda.
Aikande, miaka tisa, ameshika tochi ya simu,
anamulika kila kitu isipokuwa mkono wangu.

Nati ya ekseli kwanza. Kisha fimbo ya breki,
na springi yake ndogo naifunika kwa bakuli,
maana mwaka jana moja ilirukia kwa kuku
tukaja kuikuta Krismasi, kwenye firigisi.

Gurudumu linatoka. Wanaiita ngoma hii,
lakini ikilia, ujue kuna msiba unapita jirani.
Aikande anavuta pumzi apulize.
Namziba mdomo kwa kiganja chenye grisi:
vumbi hili halipulizwi, mwanangu.
Linafutwa kwa tambara bichi, linafungwa mfukoni;
likishaingia kifuani halina haraka ya kutoka.

Na humo ndani, viatu viwili vya breki
vimelika hadi kwenye mfupa wao mweupe.
Kati ya kiatu na kamu,
kipande cha kopo la maziwa.

"Baba, na hiki kimetoka kiwandani?"

Hapana.
Nilikikata kwa mkasi wa mama yako, mwezi wa nne,
siku niliyopata elfu nane
na tajiri alikuwa anadai hesabu yake, elfu nane.
Nilisema, wiki moja tu.
Wiki ikazaa wiki.
Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta,
lakini ukuta una siku za kujengwa.
Mteremko hauna.

Sikumwambia yote hayo.
Nilisema, "Mulika hapa."

*

Msasa ndani ya ngoma, taratibu, mng'aro ufifie.
Grisi kwenye kamu, kidogo, kama chumvi ya mgonjwa;
ikizidi itatiririka kwenye viatu
na kazi yote itakuwa ya kuteleza.
Viatu vipya nimevifunga springi nikiwa navyo mkononi,
vimekaa kama kitabu kilichofunguliwa nusu,
kisha navibonyeza kwa dole gumba
hadi kitabu kinalala, ta!, mahali pake.

Kidole kimechubuka. Hakuna kazi ya breki isiyodai ngozi.

Nati ya mwisho nazungusha hadi gurudumu linakwama,
narudisha nusu mzunguko.
"Zungusha."
Anazungusha. Kuna mnong'ono mdogo tu,
mtu anayepanguza meza chumba cha pili.
"Kanyaga."
Anaikandamiza pedeli kwa mikono miwili.
Gurudumu linanyamaza.
"Imekufa!"
"Haijafa. Imesikia."

*

Jumapili sikubeba mtu.
Nilikwenda Rau na kurudi, peke yangu,
nikishika na kuachia, nikishika na kuachia,
viatu na ngoma wazoeane.
Kile kipande cha kopo nimekipigilia nyuma ya mlango,
chini ya msumari wa helmeti.

Jumatatu Bibi Ndeanasia alikuwa kituoni, na trei nyingine.
Alitazama gurudumu, akatazama bandeji kwenye kidole changu,
akapanda bila kuuliza bei.

Kwenye kona ile ile, kabla ya daraja,
nilikanyaga. Tukasimama.
Kimya, hata mayai hayakugongana.

"Umesimama nini?"
"Najaribu breki, Bibi."
"Jaribu ukiwa na mizigo yako.
Mimi nina wateja Mbuyuni."

Nikaachia klachi.
Mgongoni, kwa mara ya kwanza,
mkono wake mmoja ulikuwa umeniachia shati.