Mstari wa Tatu

Banda la Nkwabi lilikuwa nyuma ya Mwaloni, Kirumba:
mabati, magunia, na shuka la hospitali
lenye mhuri wa wodi uliogoma kutoka kwa sabuni.
Kiingilio shilingi ishirini. Asiye nazo alileta panki,
samaki aliyekwisha kuliwa na kiwanda,
kichwa kizima, macho mazima,
halafu miiba mitupu mpaka mkiani.

Usiku ule kanda haikuwa na jalada.
Lushinge akashika maiki, akakohoa, akaanza kutafsiri
lugha ambayo hata yeye, nadhani, hakuijua.
Mwanamke anaosha vyombo.
Nyumba haina mlango.
Anaosha sahani, sahani ileile,
na kila akiisuuza inatoka na uso.

"Anasema maji ni ya baridi."
Tukacheka.
"Anasema hawa wanaocheka anawajua."
Maiki ikanguruma kama tumbo.
"Anasema, mtoto wa mstari wa tatu,
kandambili moja bluu, moja nyekundu,
asigeuke."

Jenereta likazimika. Nilisikia likizimika,
nikasikia ziwa likishika zamu, chapu, chapu, maweni.
Picha haikuzimika.
Sasa pale shukani tulikuwa sisi, tumepigwa kutoka nyuma:
visogo, masikio, kofia ya Budodi,
na kuanzia shingoni kwenda chini, wote,
miiba myeupe, misafi,
iliyoanikwa ikaanikika.
Nyuma yetu mkono umelowa, una povu,
unahesabu vichwa.

Wengine waligeuka. Sitawataja.
Mama zao bado wanauza dagaa pale pale
na wanasema watoto wapo, wamekonda tu.

Lushinge alihamia Ukerewe.
Ukimsalimu, hunawa mikono.

Mimi nimetimiza arobaini na mbili.
Pikipiki yangu nimeing'oa vioo.
Kanisani nakaa benchi la mwisho, mgongo ukutani,
na ukuta wenyewe
kuna Jumapili nausikia unalowa.

Jana Kabula wangu alichora nyumba kwa kalamu za rangi,
amelala kifudifudi sakafuni, nami nimesimama nyuma yake.
Mlango uko wapi, mama?
"Anayeosha vyombo kasema hauhitajiki."
Akachagua kalamu ya bluu. Akachagua nyekundu.
Kisha, bila kugeuka, bila hata kuinua kichwa:

"Baba, rudi mstari wako."