Shimo Lisilojaa

Miaka thelathini na moja nimechimba vyoo Uroa,
kwa mtaimbo, sururu na ndoo ya mpira,
na sifa yangu ilikuwa moja:
shimo la Simai halijai.
Mtu akioa, huja kwangu. Akijenga nyumba ya wageni, huja kwangu.
Nami hushuka jiweni, nikagonga, nikasikiliza,
mpaka chini kuitike ndu, kama mtungi mtupu.
Hapo hupanda juu kudai fedha zangu na kikombe cha chai.
Ufa ule ndio uliokuwa siri ya kazi.

Injinia Rahika alikuja na chupa ya rangi,
nyekundu kama maji ya choya.
Akaimimina chooni kwangu, Jumatatu asubuhi,
akaniomba radhi kwanza, kama anayeingia chumbani.
Alkhamisi Mwatima binti Pandu akateka maji kisimani,
akaita watu.

Sikwenda. Nilijua.

Ndipo kikao skulini, darasa la nne B,
watu wazima kwenye madeski ya watoto, magoti yamewafika kidevuni.
Ubaoni pana hesabu ya jana, haikufutwa,
na chini yake neno ambalo hatukuwahi kulikaribisha: naitrojeni.
"Haionekani," anasema Rahika, "hainuki, na ukiyachemsha maji haiondoki.
Ndiyo inayonenepesha majani yale ya kijani
yanayousonga mwani wenu kambani."
Kinamama wa mwani wakatazamana.
Misimu mitatu wamemlaumu mtu wa hoteli.
Hoteli ina lake. Lakini nasi tumo.

Mitambo mitatu, michoro mitatu.
Wa kwanza una mota, inapuliza hewa usiku kucha;
safi kupita yote, akasema, na vijana wakapiga makofi,
mpaka Bi Mize Vuai alipouliza: tukuza ikiisha?
Mota ikilala, na uchafu nao ulale?
Wa pili ni mmoja mkubwa wa kijiji kizima,
mabomba kutoka kila mlango.
Nani atakubali ukae ubavuni mwake?
Kimya. Hata mbu tuliwasikia.
Wa tatu: tangi, kitanda cha mchanga,
kisha sanduku lililozibwa, limejaa makumbi.

"Makumbi?"
"Makumbi. Mle hamna hewa. Vijidudu vikikosa hewa
huvuta pumzi iliyomo kwenye uchafu wenyewe,
na naitrojeni hutoka ikarudi juu, kwenye upepo, ilikotoka."
Bi Mize akacheka mpaka ushungi ukamteleza.
Maisha yake yote kafukia makumbi topeni,
miezi yaoze, ayaponde, asokote kamba.
"Kumbe nilikuwa injinia, na hamkunilipa."

Haikuwa rahisi. Mchanga utoke wapi, na kuchota pwani ni marufuku?
Makumbi yabadilishwe baada ya miaka mingapi, kwa mikono ya nani?
Msaada unafika nusu; nusu ya pili?
Makame wa dukani alitoka nje kujibu simu, hakurudi.
Tukapiga kura kwa kunyanyua mikono:
ishirini na tatu wa makumbi, kumi na mmoja wa mota,
mkubwa haukupata hata mkono wa sheha aliyeupendekeza.

Wangu ulichelewa.
Sheha akasema, "Na Simai?"
Nikaunyanyua. Kila mtu akaziona sugu za mtaimbo.

Leo nachimba tena, nyumbani kwa Mwatima, bila ya malipo;
yeye hakuuliza, mimi sikueleza.
Mita moja na robo, si zaidi. Chini nitandike plastiki,
nizibe kila ufa kwa saruji, nipake mara mbili.
Na bado, nikifika penye jiwe gumu, mkono hugonga wenyewe,
na sikio huinama, likiitaka ile ndu.
Naisikia. Iko pale pale, chini kidogo tu,
inaniita kwa jina.
Nakoroga saruji.