Mtulinga

Waliniita mimi kwa sababu ya kisu.
Mwenyekiti Mkwepu alikuja buchani na pikipiki,
hakuzima hata injini: "Nandonde, njoo useme ni mbuzi."
Siyo njoo uangalie. Njoo useme.

Mtaro wa bomba ulikuwa umefika kwenye mikorosho ya akina Likanga,
mita sitini tu kutoka kilula kilichokwisha kujengwa,
zege limekauka, koki imefungwa.
Kitangari maji ni kushuka bondeni
na mlima wa kurudi. Asiyejua aulize shingo za wake zetu.

Ukingoni, juu ya gunia la korosho,
Daktari Somoe Chilumba, binti wa chuo,
alikuwa amepanga mifupa kama mafungu ya dagaa,
kila fungu na karatasi yake.
Polisi mmoja amekalia ndoo.

Akanipa wa kwanza. Mbuzi, nikasema, mguu wa mbele,
tazama ncha ya chini ilivyogawanyika pacha, kama kwato zake.
Wa pili: ng'ombe, ubavu, na hapa shoka lilikosea.
Wa tatu kuku, hata mtoto anajua.
Mwenyekiti akaanza kutabasamu.
Vibarua wakashika sururu.

Wa nne ulikuwa mwembamba,
urefu wa kalamu, umepinda huku ukapinda tena kule,
kama mtu aliyebadili nia katikati ya njia.
Nikaugeuza. Si ubavu.
Nikamtundika mbuzi kichwani mwangu,
nikamchuna upya, kwa utaratibu, toka shingoni,
nikashusha bega. Na bega la mbuzi, kama hujui,
halikufungwa na mfupa kifuani, limeshikwa na nyama tu,
kisu hupita bila kubisha hodi.
Miaka thelathini na moja. Sijawahi kuuona.

"Sema," akasema Mkwepu, taratibu, kama anayekumbusha deni.
"Huu siujui."
"Wewe? Hujui vipi?"
"Siujui. Nisioujua mimi si wa buchani."

Somoe hakusema neno. Akanishika mkono,
damu ya asubuhi bado kwenye kucha,
akaupeleka chini ya shingo yangu mwenyewe, kushoto.
Pale. Ndani ya shati.
Nilikuwa nao siku zote.

Mtulinga, akasema. Mbuzi hana, ng'ombe hana.
Unao wewe kwa sababu mikono yako haitembei.
Kisha akanionesha ncha ya ndani, inayogusa kifua:
ina vijituta, kama shamba la viazi lililoachwa.
"Hii huunga mwisho kuliko zote mwilini.
Ya huyu haikuwahi."
Hilo nililijua bila kufundishwa.
Mnyama ambaye ncha zake zinabanduka kwa kisu
ndiye tunayemwita laini, na bei tunapandisha.
Sikulisema.

Nani? Wa mwaka gani? Wengine walitaja njaa,
wengine vita vya ng'ambo ya Ruvuma, mmoja akamtaja mjomba wake.
Somoe aliandika yote
na hakupigia mstari hata moja.
Mtaro ukazungushiwa utepe siku tisa.
Wateja wakaninunia. "Ungesema mbuzi,"
akaniambia Bi Nambunga akihesabu sarafu, "angekasirika nani?"
Nikampimia nusu kilo. Jibu sikuwa nalo,
nikamwongezea ini.

Jioni kijana wangu Mchopa, miaka kumi na saba,
alipanda kutoka bondeni na mzega,
ndoo mbili, mti umemkalia begani,
umebonyeza pale pale.
Nikamtua. Nikapapasa chini ya shingo yake,
kwenye jasho, nikitafuta ncha.
"Baba, vipi?"
"Hapa," nikasema, "bado hapajaunga."
Akacheka, akaniuliza bomba litaisha lini.